Je, wajua kwamba "kocha" na "biro" asili yake ni Hungaria?

Mechi ya mtaani imefika dakika ya 80. Kocha amesimama pembeni ya mstari, sauti imemkauka, anamwita beki wake wa kushoto arudi nyuma. Mwamuzi anapuliza filimbi, anainua kadi ya njano, kisha anatoa biro mfukoni na kuandika namba ya mchezaji. Hapo yamepita maneno mawili ambayo sisi tuliyachukua kwa Waingereza, na Waingereza nao waliyapata kwa Wahungaria.

Tuanze na kocha. Kaskazini-magharibi mwa Hungaria, kando ya njia ya zamani kati ya Buda, leo sehemu ya Budapest, na Vienna, kuna kijiji kiitwacho Kocs. Kwa Kihungaria herufi cs hutamkwa kama ch yetu, kwa hiyo jina hilo husomwa Koch. Katika karne ya 15 mafundi wa huko walisifika kwa kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi, mepesi na yenye kasi kuliko mikokoteni mizito iliyozoeleka. Watu wakayaita kocsi szekér, yaani gari la Kocs. Ile -i ya mwisho inafanya kazi ya -a unganifu yetu: budapesti ni "wa Budapest", kocsi ni "la Kocs". Siku zilivyokwenda, szekér likadondoka, likabaki kocsi peke yake.

Gari lilipovuka mipaka lilikwenda na jina lake. Wajerumani wakasema Kutsche, Wafaransa coche, na kufikia karne ya 16 Waingereza walikuwa na coach. Mpaka hapo ni gari tu. Liligeukaje kuwa mtu mwenye filimbi shingoni? Jibu liko Oxford, miaka ya 1830. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wakimlipa mwalimu wa pembeni awaandae kwa mtihani, na kwa lugha yao ya mzaha wakamwita coach, kwa sababu alimbeba mwanafunzi mpaka ng'ambo ya mtihani kama gari linavyombeba abiria. Miaka ya 1860 neno likahamia michezoni. Sisi tukalipokea likiwa limeshakuwa mtu, tukalipa irabu ya mwisho, tukaliweka wingi wake makocha. Maana ya zamani bado unaiona stendi: mabasi mengi ya masafa marefu yameandikwa neno hilohilo la Kiingereza ubavuni, na hapo ndipo lilipo karibu zaidi na kijiji chake.

Sasa chukua coach hiyo uirudishe Hungaria. Ukifungua kamusi utakuta maana zaidi ya moja, na ukichagua bila kutazama sentensi umepotea. Basi la safari ni busz. Gari dogo la nyumbani mpaka leo huitwa kocsi. Lakini kocha wa timu ni edző, neno lililotokana na edz, kazi ya mhunzi anayechovya chuma cha moto majini ili kiwe kigumu. Nalipenda sana neno hili. Mwingereza alimwona kocha kama chombo cha kubebea, Mhungaria akamwona kama mhunzi, na mchezaji wa Tanzania mara nyingi humwita "mwalimu". Kazi ni moja, lakini kila mtu ameitazama akiwa amesimama mahali pake.

Na kocha wa timu ya taifa ana cheo kingine kabisa: szövetségi kapitány, kapteni wa shirikisho. Cheo hicho ndicho alichokuwa nacho Gusztáv Sebes tarehe 25 Novemba 1953, siku Hungaria ya nahodha Ferenc Puskás ilipoifunga Uingereza 6-3 pale Wembley, ikawa timu ya kwanza ya Ulaya bara kuishinda Uingereza nyumbani kwake. Miezi sita baadaye Waingereza walikwenda Budapest kulipiza kisasi, wakafungwa 7-1. Neno la kocha lilitoka Hungaria, na mwaka ule somo la mpira nalo likatoka hukohuko.

Tahadhari ndogo kabla hatujaendelea: kochi tunalokalia sebuleni halina undugu na kocha. Hilo limetoka kwenye couch ya Kiingereza, yenye mzizi wa Kifaransa wa kulaza au kulala. Ila kocsi ya Kihungaria ukiitamka sawasawa inasikika "kochi", kwa hiyo ukitaja kochi Budapest, watu watafikiria gari.

Biro nayo ina habari yake, tena hii ina mtu. László József Bíró alizaliwa Budapest tarehe 29 Septemba 1899, akawa mwandishi wa habari. Alisumbuliwa na kalamu za wino za wakati ule, zilizovuja na kuchafua karatasi. Akaona kuwa wino wa kuchapia magazeti hukauka haraka, lakini ni mzito mno kuteremka kwenye ncha ya kalamu ya kawaida. Yeye na ndugu yake György, aliyekuwa na ujuzi wa kemia, wakatafuta njia nyingine: kipira kidogo cha chuma kwenye ncha, kinachozunguka ndani ya tundu lake. Upande wa ndani kipira kinajipaka wino, upande wa nje kinauacha kwenye karatasi. Itazame kalamu yako kwa karibu, upitishe ncha yake juu ya ukucha polepole, utakihisi kikizunguka. Ndiyo sababu pia ukiandika umeinua kalamu juu, kama mtu anayeandika darini, inakatika: wino unateremka kwa uzito wake.

Hataza ya Uingereza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, aliipata mwaka 1938, mwaka ambao Hungaria ilipitisha sheria ya kuwabana Wayahudi. Bíró alitoka familia ya Kiyahudi, akaondoka, akaishia Argentina, ambako alisajili kalamu iliyoboreshwa mwaka 1943. Waargentina huiita birome, jina lililounganisha Bíró na mshirika wake Meyne, na siku yake ya kuzaliwa ni siku ya wavumbuzi nchini humo. Waingereza wakaiita biro, na Kenya ikaipokea hivyohivyo, ingawa Tanzania wengi husema peni.

Na kwa Kihungaria biro ni nini? Bíró, kwa irabu ndefu, ni hakimu. Uwanjani ni mwamuzi. Kwa hiyo yule mwamuzi wa mtaani anayeandika namba kwa biro, kwa Kihungaria yeye mwenyewe ndiye bíró, na kilicho mkononi mwake ni golyóstoll: golyó ni kipira, toll ni unyoya, kama ule wa ndege uliokuwa ukichongwa zamani kuwa kalamu. Jina la mtu limekuwa jina la kitu ugenini, lakini si nyumbani kwake, kwa kuwa pale jina lilikuwa tayari na kazi.

Kuna sehemu ambapo Kihungaria kinakaa karibu nasi kuliko Kiingereza, na hilo hunifurahisha kila ninapolikuta. Kihungaria si ndugu wa Kiingereza. Jamaa zake ni Kifini na Kiestonia. Kinabandika viambishi kwenye neno moja, kama sisi tunavyosema "nimekuona" wakati Mwingereza anatumia maneno matatu au manne. Mwingereza lazima aseme kama ni he au she. Mhungaria ana ő tu, kama yeye yetu, na hamtenganishi mwanamume na mwanamke. Kwenye ndugu, mambo yanageuka: brother ya Kiingereza haisemi nani alitangulia kuzaliwa, wakati Mhungaria anataka kujua. Kaka mkubwa ni bátya, mdogo wa kiume ni öcs; dada mkubwa ni nővér, mdogo wa kike ni húg. Bibi yangu angewaelewa mara moja, maana kwake kaka alikuwa ni wa kukutangulia, na wa nyuma yako alikuwa "mdogo wako". Wote kwa pamoja ni testvér, neno lililojengwa kwa test, mwili, na vér, damu.

Kwenye nahau sasa, tafsiri sisisi, yaani ya neno kwa neno, haifai kabisa. Hapo swali la kuuliza ni hili: Mhungaria akiwa kwenye hali hii, husema nini?

Mtu amepoteza simu, amekaa ameshika tama. Mwingereza anamfariji kwa kumwambia "worse things happen at sea", baharini hutokea makubwa kuliko haya. Ni maneno ya watu wa kisiwani, waliozika ndugu bila kuona maiti. Hungaria haina bahari. Yenyewe ina Mohács. Tarehe 29 Agosti 1526, kwenye uwanda wa Mohács, jeshi la Hungaria lilivunjwa na jeshi la Sultani Suleiman wa Waturuki. Mfalme Lajos wa Pili, kijana wa miaka 20, alikufa maji kwenye kijito akikimbia. Ufalme ukagawanyika vipande vitatu, na Buda ikakaa mikononi mwa Waturuki kuanzia 1541 hadi 1686. Karibu miaka 500 imepita, na Mhungaria aliyepoteza simu bado huambiwa "Több is veszett Mohácsnál": pale Mohács vilipotea vingi zaidi. Sisi tungemwambia yaliyopita si ndwele. Ukimtafsiria Mhungaria habari ya baharini neno kwa neno, ataelewa kila neno na hatafarijika.

Vingine havina historia nzito kiasi hicho, vina jiko na shamba tu. Mtu asiyetaka kusema jambo waziwazi, Mwingereza anasema anapigapiga kando ya kichaka, kama wawindaji waliokuwa wakiwafurusha ndege watoke. Mhungaria anamwona akizunguka kama paka kwenye uji wa moto, na ukishawahi kumwona paka wa jikoni akinusa sufuria na kurudi nyuma, huhitaji kamusi. Kwetu anazunguka mbuyu. Mwenye kumsema mwenzake kwa kasoro aliyonayo mwenyewe, kwa Kiingereza ni chungu kinacholiita birika jeusi, na kwa Kihungaria ni bundi anayemwambia shomoro kwamba ana kichwa kikubwa. Sisi tunaye nyani, na wote tunajua asichokiona.

Kuna moja nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo ninayoipenda zaidi. Aliyewahi kupata dhara huogopa hata kivuli chake. Mwingereza anasema "once bitten, twice shy", aliyeumwa mara moja anasita mara mbili, na hasemi aliumwa na nini. Mhungaria anasema "Akit a kígyó megmart, a gyíktól is fél": aliyeumwa na nyoka humwogopa hata mjusi. Na sisi, mbali kabisa na huko, tunasema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.