Ndege ya rada si ndege ya kijasusi

Kila ndege ya rada E-3 ya NATO ikionekana inazunguka juu ya Poland au Romania, hakosi mtu wa kuandika "ndege ya kijasusi ya Marekani yaivizia Urusi". Kwanza, E-3 za NATO zimesajiliwa Luxembourg na kituo chao kikuu kiko Geilenkirchen, Ujerumani. Pili, hazivizii mtu.

Hiyo ni ndege ya tahadhari ya mapema na udhibiti wa anga: rada kubwa iliyopandishwa juu, pamoja na watu wa kuisoma na kuziongoza ndege nyingine kwa redio. Inapandishwa kwa sababu dunia ni mviringo. Rada iliyo kwenye mlingoti wa meli, mita 25 hivi juu ya maji, haiwezi kuiona ndege inayoruka mita 30 juu ya mawimbi mpaka iwe imesogea kama kilomita 43. Ukiipeleka mita 9,000 angani, upeo wake unakaribia kilomita 400.

Sasa hilo la ujasusi. Ndege ya kijasusi hukusanya habari. RC-135 ya Marekani, kwa mfano, hutega masikio na kunasa mawimbi ya redio na rada za wengine. U-2, ndege ya kijasusi ya Marekani aliyoirusha rubani Francis Gary Powers, iliyotunguliwa 1 Mei 1960, ilikuwa imepenya ndani kabisa ya anga la Kisovieti kupiga picha ambazo zingesafishwa na kusomwa baada ya kutua. E-3 haifanyi hivyo. Sahani yake ya mgongoni, yenye kipenyo cha mita 9, huzunguka mara moja kila sekunde 10 ikirusha mawimbi makali ambayo adui mwenye kipokezi kizuri huyanasa toka mbali. Jasusi gani huyo anayetembea akipiga ngoma? Ndiyo maana hukaa upande wake wa mpaka, nyuma ya ndege za kivita.

Na inachokiona hakingoji ripoti. Nyuma ya marubani wamekaa maofisa mbele ya skrini. Ofisa akiona nukta asiyoijua, humpa rubani wa ndege ya kivita mwelekeo, umbali na mwinuko, na rubani huyo anaweza kusogea huku amezima rada yake mwenyewe. Huo ndio udhibiti unaotajwa kwenye jina, na ndio watu wanaousahau.

Waingereza walilipia pengo la kukosa ndege kama hiyo. Mwaka 1978 waliziondoa Gannet, ndege zao za rada, pamoja na manowari Ark Royal iliyokuwa ikizibeba, na mwaka 1982 wakaenda kupigania visiwa vya Falkland bila ndege ya rada. Tarehe 4 Mei, ndege mbili za kivita za Argentina aina ya Super Étendard zilikuja chini chini, zikainuka kidogo kuwasha rada, zikafyatua makombora ya Exocet. Manowari Sheffield ikapigwa, watu 20 wakafa. Waliowaambia marubani wale meli ziko wapi walikuwa ndani ya Neptune, ndege kuukuu ya doria yenye rada. Waingereza wakakimbilia kufunga rada kwenye helikopta za Sea King. Zilipokuwa tayari, vita vilikuwa vimekwisha.

Sahani nayo isikupoteze. E-7 ya Australia haina sahani, ina kitu kama ubao uliosimama mgongoni, na kazi ni ileile. Ukitaka jina fupi la kichwa cha habari, andika "ndege ya rada". Hilo la ujasusi waachie wenye RC-135.