Jakaranda Moja Haifanyi Bustani Iwe ya Mzungu

Nimetumiwa tena ile video. Kijana kapita uchochoro wa nyuma ya flati, hapa Kibuli, Kampala, kakuta bustani imejificha kati ya kuta mbili, kamera ikapanda moja kwa moja hadi kwenye maua ya jakaranda, na sauti ikatangaza: "Bustani ya siri ya Mzungu!" Kazi yangu ni kuorodhesha mimea ya mijini, na sentensi hiyo nimeisikia Kibuli, Mengo, Nsambya, kila mahali penye mti wa maua ya zambarau. Inatosha.

Jakaranda asili yake Amerika Kusini, sawa. Lakini pale upo mmoja tu, pembeni, karibu na choo. Jajja (bibi) aliyezaliwa mtaa huo alicheka nilipomuuliza. "Mwanangu, huo aliupanda mpangaji, mwalimu wa shule. Mimi nilikuwa nimeshazaa." Kabla yangu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sasa geuza kamera. Nyuma ya jakaranda kuna mituba, miti ya jamii ya mtini, imesimama kwa mstari, na chini yake migomba na mibuni michache. Huo ndio mpangilio wa lusuku, shamba la migomba la Buganda: mutuba unatoa kivuli, ndizi inalisha nyumba, kahawa inaleta hela. Kichaka hakijipangi hivyo.

Sogea, shika shina. Kwenye mutuba mmoja utaona pete mbili zimeuzunguka mti, moja karibu na ardhi, nyingine juu ya kichwa cha mtu, na kati yake gome laini lenye wekundu kuliko la juu. Mti huo ulivuliwa. Fundi hukwangua gome la nje, hukata pete hizo mbili, huchana mara moja kwa urefu, kisha hulibandua gome lote zima. Jeraha hufungwa kwa majani ya mgomba ili gome jipya liote. Uvunaji huwa majira ya mvua, na kitambaa cha gome la kwanza ni cha hovyo. Kizuri huja baada ya mti kuvuliwa tena na tena. Hilo gome likipondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji ndilo lubugo, ambalo ufundi wake UNESCO iliutangaza kuwa urithi mwaka 2005. Na kilicholidhoofisha karne ya 19 si Mzungu peke yake, jamani. Ni merikani na vitambaa vingine vya pamba vilivyopanda na misafara kutoka pwani. Sisi wenye Kiswahili tumo kwenye hadithi hii kuliko tunavyopenda kukiri.

Kinachoniudhi zaidi ni watu kupima unene wa mti halafu kutaja karne. Mutuba kwa kawaida hupandwa kwa kushindilia tawi nene ardhini. Siku ya kwanza tu tayari ni mnene! Nguzo ya uzio iliyokatwa mbichi huweza kuchipua na kuwa mti bila mtu kukusudia. Pete za ndani nazo hazisaidii sana: Kampala ina misimu miwili ya mvua, na mti haulazimiki kuweka pete moja kwa mwaka. Kwa hiyo mutuba usio na kovu haunithibitishii chochote, na hata mstari mnyoofu unaweza kuwa uzio wa juzi. Ripoti zetu huandika "mti wa kale" kana kwamba tunajua. Mara nyingi tunakisia, kisha tunakwenda kumuuliza jajja.

Mulamula naiamini kidogo zaidi. Ni ile *Dracaena fragrans* ambayo watu wa mahoteli huiweka kwenye vyungu, na kwa Waganda ni alama ya mpaka. Pale ipo kwenye pembe za bustani, na kati ya pembe na pembe hakuna. Fito yake ikitupwa huota yenyewe, kweli, lakini haitupwi kwenye kila pembe.

Aliyenunua kiwanja chenye bustani hiyo anataka kuzungushia ukuta, na anasema hati yake haitaji mulamula yoyote. Haitaji, ndiyo. Hati za mailo, umiliki wa ardhi wa Buganda, zilizotokana na mkataba wa 1900, zinaonyesha mwenye ardhi na mawe ya sarveya. Mwenye kibanja, yaani mpangaji wa ardhi anayeishi juu yake, anatambuliwa na Sheria ya Ardhi ya 1998 hata kama jina lake halimo. Kwa hiyo kabla ya kung'oa kitu, amwite mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, na majirani wa pande zote, watembee mulamula hadi mulamula. Jakaranda wakitaka waikate, kivuli chake hakifiki hata kwenye migomba.