Je, wajua kwa nini kamera ya Wi-Fi mara nyingi hunasa mgongo wa mwizi tu?

Ukipita Golf au Bel-Air jioni, hapa Lubumbashi, utaziona zimebandikwa juu ya mageti na kwenye pembe za varanda: kamera ndogo nyeupe, nyingine zikiwa na kibao cha sola kichwani. Siku hizi hata katika komuni za Katuba na Kenya, humu humu mjini, zipo. Video zake huzunguka katika makundi ya WhatsApp ya mtaa. Mtu wa kofia anatoka kwenye lupangu, yaani ua wa nyumba, na televisheni begani, anapotelea barabarani, basi. Kila anayetazama anauliza: sura iko wapi? Kamera ilielekezwa getini na mwizi aliingia kwa geti hilo hilo, lakini picha inaanza akiwa ameshaipita.

Sababu kubwa ni chaji. Kamera ya batri haikeshi. Kama ingerekodi na kurusha picha mfululizo, kwa kawaida batri yake isingemaliza siku mbili. Hivyo watengenezaji huiacha isinzie, na kinachobaki macho ni kihisi kidogo cha joto, kile kilichofichwa nyuma ya kikuba cha plastiki nyeupe karibu na lenzi. Kihisi hicho hakioni picha yoyote. Kinapokea mnururisho wa infraredi unaotoka kwenye kila kitu chenye joto, nacho kimegawanywa sehemu mbili zinazolinganishwa. Mwili wa mtu ukihama kutoka upande wa sehemu moja kwenda wa nyingine, tofauti inazaa ishara ndogo ya umeme, na hiyo ndiyo inayoiamsha kamera. Hapo prosesa lazima iwake, kihisi cha picha kipime mwanga, redio iitafute ruta. Kwa kamera za bei nafuu kazi yote hiyo hula sekunde moja, mbili, wakati mwingine tatu au zaidi. Mtu anayetembea mwendo wa kawaida huenda kama mita 1.4 kwa sekunde. Katika sekunde tatu ameshapiga mita nne na ushei, na kamera ikifumbua jicho inakuta kisogo.

Kihisi hicho kina udhaifu mwingine ambao mafundi wengi hawausemi. Hushtuka upesi mtu anapokatiza mbele yake, kutoka kushoto kwenda kulia, lakini huchelewa mtu anapokijia uso kwa uso, kwa sababu joto lake linabaki katika eneo lile lile na kukua polepole tu. Na sisi tunapenda kuifunga kamera ikilitazama geti moja kwa moja, maana kwenye simu picha hiyo inapendeza! Afadhali iwekwe ubavuni, ili anayeingia alazimike kuikatiza.

Halafu kuna Oktoba. Mwezi huo mchana wa Lubumbashi hupanda hadi nyuzi 32 au 33, na ukuta wa matofali uliopigwa na jua hukaribia joto la ngozi ya mtu. Kihisi kinachoishi kwa kutofautisha joto kinakosa cha kutofautisha. Usiku wa Juni au Julai, tunapovaa makoti, kazi inakuwa rahisi: mtu huonekana waziwazi mbele ya ukuta baridi. Kamera moja, mahali pamoja, na bado haina uwezo ule ule mwaka mzima.

Kamera za kuchomekwa kwenye umeme haziteswi na usingizi. Nyingi hushika kumbukumbu ya sekunde chache zilizopita muda wote, kwa hiyo tukio likianza video inajumuisha na yaliyotangulia. Zenyewe hutambua mwendo kwa kulinganisha picha na picha, nukta kwa nukta. Taabu yake ni wadudu. Usiku taa za infraredi zinazozunguka lenzi hummulika kila nondo anayepita karibu, naye kwenye picha anaonekana mkubwa kama njiwa. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakatoka, simu inalia mpaka alfajiri. Buibui naye hutandika utando wake mbele ya lenzi, maana wadudu wanamjia wenyewe. Siku ya tatu mwenye nyumba anazima arifa zote ili alale, na kuanzia hapo kamera inamlindia nani? Programu za siku hizi zinazotambua umbo la binadamu zimepunguza kero hii kiasi, ila kwenye baadhi ya kamera huduma hiyo hulipiwa kila mwezi.

Lakini neno «isiyo na waya» linafunika mambo mawili tofauti, na madukani huachwa yachanganyike makusudi. Mara nyingi maana yake ni kwamba picha husafiri bila waya, ilhali kamera yenyewe inahitaji waya wa umeme. Na hapo tunakutana na SNEL, shirika la umeme la taifa. Sehemu ya umeme wa Katanga husafiri takriban kilomita 1,700 kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, kwa laini iliyoanza kazi mwaka 1982. Ukikatika popote njiani huna la kufanya. Kipande pekee unachokitawala ni kile cha kutoka ukutani hadi kwenye ruta. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikipiga, kamera inazimika na ruta inazimika; hata kamera ya sola yenye batri iliyojaa inabaki ikipiga kelele hewani bila wa kuisikia, kwa kuwa ruta imekufa. Mtu hutoa pesa nyingi kwa kamera tatu akakosa kuinunulia ruta batri.

Hesabu yake wala si kubwa. Kamera ya volti 5 na ampea 1 haili zaidi ya wati 5. Ruta ya volti 12 na ampea 1 haizidi wati 12. Jumla ni wati 17 zikifanya kazi kwa nguvu zote, na kwa kawaida hazifiki hapo. Batri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, ya aina inayotumika kwenye mitambo ya kengele, ina wati-saa 84. Toa akiba, maana batri za risasi hazipendi kumalizwa kabisa, na upotevu wa njiani: zinabaki saa tatu au nne za uhakika. Kwa delestaji ya usiku mzima chukua kubwa mara tatu.

Sasa redio yenyewe. Kamera nyingi za nyumbani hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hupenya kuta vizuri kuliko gigahezi 5. Kupenya nako kuna bei: kila desibeli 3 zikipotea, nguvu ya mawimbi inabaki nusu. Ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma huyapunguza kwa kiasi kinachovumilika. Kuta tatu, kutoka sebuleni hadi aneksi ya nyuma, ni habari nyingine. Zege lenye nondo za chuma ni baya zaidi. Ukuta uliolowa msimu wa mvua hunyonya mawimbi kuliko ukuta mkavu, ndiyo maana kamera iliyofanya kazi bila shida Agosti inaanza kukwama Januari. Mabati na geti la chuma huyarudisha mawimbi karibu yote yalikotoka. Nimeona kamera zimefungwa nje ya geti la chuma, ruta ikiwa ndani, halafu lawama zote anatupiwa mtengenezaji.

Watu hupima mtandao kwa simu. Wanasimama chini ya kamera, wanaona mistari imejaa, video inafunguka, wanaridhika. Wamepima mwelekeo usiohusika. Wewe na simu yako mnapokea. Kamera kazi yake ni kutuma, kwa redio dhaifu na antena iliyobanwa ndani ya plastiki. Tena haiko peke yake. Katika masafa hayo kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na mtaani ruta za majirani, Bluetooth na hata oveni ya mikrowevu, inayofanya kazi karibu na gigahezi 2.45, zote zinagombania uwanja huo mmoja.

Je, mwizi anaweza kuizima kamera akiwa nje? Anaweza. Sheria za Wi-Fi zilizotolewa mwaka 1997 ziliacha ujumbe wa usimamizi bila ulinzi, ukiwemo ule unaoiambia kamera «ondoka kwenye mtandao». Yeyote mwenye kifaa kidogo anaweza kuutuma akijifanya ruta, bila kujua neno la siri. Marekebisho yalikuja mwaka 2009, na WPA3, kiwango cha ulinzi wa Wi-Fi cha mwaka 2018, ikayafanya ya lazima, lakini kamera nyingi za bei nafuu bado zinatumia mtindo wa zamani. Njia ya pili ni kufunika masafa yote kwa kelele za redio. Mwanzoni mwa 2024 polisi wa Edina, jimbo la Minnesota huko Marekani, walisema wanashuku wezi wa majumbani wanatumia vifaa vya namna hiyo. Mwizi wa huku, kwa maoni yangu, hana haja ya kuhangaika hivyo. Anangoja umeme ukatike, au anaukata mwenyewe ikiwa kaunta, yaani mita ya umeme, iko nje ya nyumba.

Hata kila kitu kikiwaka, picha lazima ihifadhiwe mahali. Wauzaji husifu hifadhi ya mtandaoni, na kweli ina faida moja kubwa: mwizi akiing'oa kamera, ushahidi haondoki nao. Lakini piga hesabu ya mega. Video ya 1080p hula takriban megabiti 2 kwa sekunde. Hizo ni megabaiti 900 kwa saa, gigabaiti 21.6 kwa siku, karibu gigabaiti 650 kwa mwezi, kwa kamera moja. Vifurushi vingi vya simu haviwezi kubeba mzigo huo, kwa hiyo watu hurusha vipande vya sekunde 10 au 15, na kamera nyingi za batri hupumzika kwanza kabla ya kurekodi kipande kinachofuata. Na intaneti yenyewe inaweza kuondoka. Kuanzia 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi wa rais, ilifungwa nchini kwa takriban siku 20. Kamera iliyotegemea mtandao peke yake ilikaa bure muda wote huo.

Kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera haijali hayo. Kadi ya gigabaiti 64 inashika karibu siku tatu za kurekodi mfululizo, kisha inaanza kufuta ya zamani. Kadi za kawaida huchoka kwa kuandikwa upya kila siku, nazo hufa kimya kimya, kwa hiyo ichungulie kila mwezi. Tena angalia saa. Kamera nyingi hazina betri ya saa: umeme ukirudi kabla ya intaneti, baadhi huandika kwamba mwizi aliingia tarehe 1 Januari 1970, na wakili wa upande wa pili atafurahi.

Neno la siri lililotoka kiwandani libadilishwe siku ile ile. Mwaka 2016 programu mbovu iitwayo Mirai iliteka kamera na rekoda nyingi duniani kwa kujaribu tu orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, kama 60 hivi, na tarehe 21 Oktoba zikatumika kuiangusha Dyn, kampuni ambayo tovuti kubwa za Marekani ziliitegemea. Kuna makosa usiyoweza kuyazuia pia: Februari 2024 wateja wapatao 13,000 wa kampuni ya kamera ya Wyze walionyeshwa picha za kamera za watu wengine kwa hitilafu ya mitambo. Kwa sababu hiyo kamera ya Wi-Fi haina nafasi chumbani. Ibaki nje.

Kama unajenga au unakarabati, pitisha waya. Kebo moja ya mtandao hupeleka umeme na kurudisha picha hadi mita 100, na rekoda ikikaa ndani chumba kikifungwa, nusu ya haya yote yanakwisha. Kama kuta zimeshapigwa lipu na hutaki kuzichimba, basi kabla hujamlipa fundi, ngoja giza liingie. Zima umeme kwenye swichi kuu. Mtu mmoja wa nyumbani aingie kwa geti akitembea haraka, afike mlangoni, atoke. Kisha umuulize fundi: «Papa, nionyeshe sura yake.»