Kihisi Hakijui Udongo wa Shamba Lako Mpaka Ukifundishe

Mkulima wa nyanya wa Rongai, katika kaunti ya Nakuru, hutazama asubuhi udongo uliokauka na kupauka, kisha akawasha pampu. Macho yake hayajamdanganya. Ila sentimita chache za juu hukaushwa na jua na upepo hata pale ambapo mizizi, iliyo chini zaidi, bado ina maji ya kutosha. Maji yanayoongezwa hapo hufukuza hewa inayohitajiwa na mizizi, huishusha mbolea ya naitrojeni mahali isikofikiwa, na petroli huteketea bure.

Hali ya huko chini huonyeshwa na kihisi, yaani kifaa kinachochomekwa ardhini kupima unyevu wa udongo. Vihisi vya bei nafuu viko vya aina mbili. Cha kwanza kina meno mawili ya chuma yaliyo wazi, na hupima jinsi umeme unavyopita kati yake. Chuma hicho huliwa upesi na umeme huo huo, na chumvi za mbolea hukifanya kionyeshe unyevu usiokuwepo. Cha pili kimefunikwa, nacho hupima uwezo wa udongo kuhifadhi chaji ya umeme. Kipimo cha uwezo huo kwa maji ni takriban 80, ilhali kwa chembe kavu za udongo ni kati ya 3 na 5 hivi, kwa hiyo maji yakiongezeka kidogo tu hutambulika. Mimi humshauri mkulima aongeze pesa anunue hiki cha pili, kisha apake rangi ya kucha kwenye kingo zake na kuziba vizuri sehemu ya juu yenye vipande vya elektroniki, maana hapo ndipo maji hupenyea.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuamini namba kama ilivyo. Unyevu wa asilimia 25 katika udongo wa kichanga ni maji mengi. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, mmea unaweza kunyauka kwa kiasi hicho hicho, kwa kuwa mfinyanzi hung'ang'ania maji na kuinyima mizizi. Kwa hiyo kihisi hufundishwa shambani kwenyewe. Lowesha mahali padogo mpaka pashibe, pafunike kwa karatasi ya plastiki, subiri siku mbili, au tatu kwa mfinyanzi, ndipo uandike namba: hicho ndicho kiwango cha juu cha unyevu. Kisha acha kona moja bila maji mpaka majani yalegee mchana na yasiinuke jioni, uandike namba ya pili. Mboga zimwagiliwe kabla kipimo hakijafika nusu ya njia kati ya namba hizo mbili. Usishangae namba ikipanda kadiri udongo unavyokauka, kwani vihisi vingi vya aina hii vimeundwa hivyo.

Kihisi kimoja kiwekwe kina cha sentimita 15 na kingine 30, karibu na mmea, na udongo ushindiliwe uking'ang'anie pande zote. Katika mfinyanzi unaopasuka kiangazi, ufa ukifunguka kando ya kihisi, kitapima hewa na kulalamika ukame, kwa hiyo kikague kila wiki na kukihamisha inapobidi.

Asiyetaka mambo ya betri anaweza kutumia tensiometa, yaani mrija uliojaa maji wenye ncha ya kauri, unaoonyesha kwa kilopaskali, yaani kipimo cha nguvu ya mvuto, jinsi mizizi inavyohangaika kuyavuta maji. Chini ya 10 udongo umelowa kupita kiasi. Mboga nyingi humwagiliwa kipimo kikiwa kati ya 20 na 40. Kikikaribia 80 hewa huingia mrijani na hakiaminiki tena.

Mpunga una utaratibu wake. Mkulima wa Ahero, katika kaunti ya Kisumu, anaweza kuzika bomba la plastiki lililotobolewa pande zote, ili atazame ndani yake maji yamefika wapi chini ya ardhi. Yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa jaruba, yaani kipande cha shamba la mpunga, afungulie mfereji. Ila mpunga unapotoa maua, jaruba lisiachwe likauke hata kidogo.