Samaki si bubu: kwa nini katuli imepigwa marufuku

Malalamiko kuhusu katuli, yaani kupiga maji kwa mti ili samaki wakimbilie wavuni, katika Bwawa la Nyumba ya Mungu yamezidi kutufikia Moshi, na kila tukikaa na wavuvi utetezi ni uleule: wavu ni halali, macho yake yanaruhusiwa, maji yamepigwa tu kwa mti, sasa kosa liko wapi? Kosa ni huko kupiga maji kwenyewe.

Naomba tuachane na habari kwamba samaki hana masikio. Anayo, yamo ndani ya fuvu, na ndani yake mna vijiwe vinavyotikisika sauti inapopita. Majini sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Kambale ana mifupa midogo inayounganisha bondo, yaani kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa samaki, na sikio, hivyo husikia vizuri kuliko perege.

Na samaki hutoa sauti pia. Wengi hutumia misuli kutikisa bondo, lile lile linalouzwa kwa bei kubwa likitoka kwa sangara, nalo huvuma kama ngoma. Ngogo ana njia yake: husugua mwiba wa pezi la kifuani ndani ya tundu lake la mfupa. Aliyewahi kumnasua ngogo wavuni ameusikia mkwaruzo huo, na pengine mwiba umemchoma.

Kwa perege mambo ni ya faragha zaidi. Dume huchimba kiota cha mviringo kwenye kina kifupi na kukilinda. Jike akikaribia, dume hubadilika rangi, hutikisa mwili na kutoa mngurumo mzito wa mapigo mafupi. Watafiti wameurekodi kwa vinasa sauti vya majini, hasa kwa perege wa Msumbiji. Madume hunguruma pia wanapogombania viota. Sauti hiyo ni hafifu, haiendi mbali. Jike akishataga huyaokota mayai na kuyaatamia mdomoni, na akishtuliwa sana huweza kuyatema.

Sasa fikirini mti unaotwangwa majini hapo hapo penye viota. Mngurumo haumfikii jike, dume anakimbia kiota, na wale wenye mayai mdomoni ndio wanaoswagwa wavuni. Kusema "tunawashtua tu" si kweli, na tumelieleza hili mara nyingi mno.

Katuli inakatazwa na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Kuwa na leseni hakuhalalishi zana au njia haramu. Leseni ni ya aliyeandikwa jina, haiazimwi kwa shemeji wala kwa kibarua, na chombo kina usajili na leseni yake, mbali na ile ya mvuvi. Ukikamatwa, wavu, mti, chombo na samaki huwa vielelezo. Dai hati ya ukamataji yenye orodha ya vitu vyote, isome kabla ya kuweka sahihi, ubaki na nakala. Samaki huharibika, kwa hiyo usishangae wakishughulikiwa mapema kabla ya kesi kusikilizwa. Mahakama ikikutia hatiani inaweza kuamuru zana na chombo vitaifishwe, juu ya faini au kifungo.

Sheria inaruhusu pia kosa kufifilishwa, yaani kumalizwa kwa malipo bila kwenda mahakamani, pale mkosaji anapokiri kwa maandishi. Hayo si makubaliano ya ufukweni. Malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya serikali na unapewa stakabadhi. Anayetaka fedha mkononi asipewe, hata akiwa amevaa sare.

Mwenye taarifa za katuli azipeleke kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo wake au kwa afisa uvuvi wa halmashauri. Ataje mahali, saa, na namba ya usajili ya mtumbwi kama imeonekana. Jina la mtoa taarifa si lazima.