Dirisha limefungwa, taima bado inahesabu

Wiki tatu zilizopita nililetewa lalamiko ambalo kila mtengeneza wijeti (vipande vya skrini kama vitufe na visanduku) huliogopa: programu inazimika yenyewe, ila si kila mara. Mlalamikaji ni muuzaji wa duka la dawa anayetumia programu yetu ya stoo kutwa nzima. Nikamwomba anisimulie alichokuwa akifanya dakika ile ile. Akasema: ninaandika herufi tatu nne za jina la dawa, mteja anaghairi, nabonyeza Esc, dirisha la kutafutia linafungwa, halafu programu nzima inapotea. Nikijaribu tena mbele ya mwenzangu, haitokei.

Maelezo hayo yana thamani kuliko picha kumi za skrini. Esc imo, na haraka imo. Kwa hitilafu za kiolesura, mtumiaji akikwambia mpangilio wa vitendo na kasi yake, amekufikisha karibu na mlango.

Wijeti yenyewe niliiandika kwa lugha ya C juu ya GTK 4, maktaba ya kujengea madirisha na vitufe. Ni kisanduku cha kutafutia: mtu akiandika, kinasubiri milisekunde 250 za ukimya ndipo kiulize hifadhidata, ili tusiisumbue kwa kila herufi. GTK yenyewe ina kisanduku chenye tabia hiyo, GtkSearchEntry, ambacho kwa kawaida husubiri milisekunde 150. Cha kwangu nilikitenga kwa sababu kina orodha yake ya matokeo ndani.

Ndani ya wijeti kulikuwa na mstari huu:

g_timeout_add (250, tafuta_sasa, self);

Mstari huu ukiusoma haraka hauna kosa. Unaanzisha taima na kuiambia GLib, maktaba iliyo chini ya GTK: zikipita milisekunde 250, iite fanksheni tafuta_sasa na uipe self, yaani wijeti yenyewe. Tatizo ni kwamba GLib haijui self ni nini. Kwake ni anwani tu katika kumbukumbu ya kompyuta. GTK ilizaliwa ili kujenga madirisha na vitufe vya GIMP, kazi ya Peter Mattis na Spencer Kimball walipokuwa wanafunzi Berkeley, na hadi leo kiini chake ni C. Katika C hakuna mfagiaji anayepita kuokota vitu visivyotumika. Kila kitu cha GObject, mfumo wa vitu ambao GTK inautumia, kina hesabu ya wanaokishika. Hesabu ikifika sifuri, kitu kinavunjwa na nafasi yake inarudishwa. Taima yangu haikuhesabiwa kama mshikaji. Ilikuwa na anwani mkononi, basi.

Ni kama kumtuma mtoto apeleke barua nyumba fulani. Nyumba ikivunjwa akiwa njiani, yeye hajui, ataenda. Akikuta kiwanja kitupu atarudi kukwambia hakuna nyumba. Akikuta wengine wamekwisha jenga, atawakabidhi barua isiyo yao. Hapo ndipo ile "si kila mara" inapoeleweka. GObject inapovunja kitu hufuta alama ya aina yake, kwa hiyo kama nafasi haijachukuliwa na mwingine, GTK hugundua na kuandika kwenye terminali mstari wa Gtk-CRITICAL wenye maneno assertion 'GTK_IS_WIDGET (widget)' failed, kisha programu inaendelea. Nafasi ikiwa imeshachukuliwa, lolote linaweza kutokea, na kule dukani lililotokea ni kuzimika.

Mistari hiyo ya CRITICAL ilikuwepo kwenye faili za matukio (log) za programu siku nyingi kabla ya lalamiko. Ninasisitiza hili kwa kila ninayefanya naye kazi: CRITICAL si kelele. Ukiona moja, endesha programu ukiwa umeweka G_DEBUG=fatal-criticals ndani ya gdb, chombo cha kuchunguzia programu inapoendeshwa. Programu itasimama pale pale mstari huo unapoandikwa, nawe utauliza bt uone nani kamwita nani.

Mimi niliuliza bt, na jibu lilionyesha tafuta_sasa ikiwa imeitwa na g_timeout_dispatch, nayo imeitwa na mzunguko mkuu wa GLib, unaogawa kazi za programu moja baada ya nyingine. Juu ya hapo hakuna Esc, hakuna dirisha. Ndiyo taabu ya hitilafu za aina hii: mahali zinapoonekana si mahali zilipozaliwa. Aliyefunga dirisha ameshamaliza kazi yake na ameondoka, mzunguko mkuu umezunguka mara kadhaa tangu hapo. Kwa hiyo nilikompaili upya kwa -fsanitize=address, inayoongeza mlinzi wa kumbukumbu aitwaye AddressSanitizer, nikaandika herufi tatu, nikabonyeza Esc. AddressSanitizer ikanipa njia tatu kwa mpigo: nani anasoma kumbukumbu iliyoachiliwa, nani aliiachilia, na nani aliiomba mwanzoni. Njia ya pili ilianzia kwenye Esc.

Marekebisho ya kwanza yanayomjia mtu kichwani ni kuweka if (GTK_IS_WIDGET (self)) mwanzoni mwa tafuta_sasa. Nimeyakuta kwenye msimbo wa watu wengi, na nayapinga kabisa. Kuuliza kama nyumba ni nyumba kwa kuingia ndani yake wakati imeshavunjwa ni kosa lile lile. Ya pili ni kuipa taima haki ya kushika, yaani g_object_ref kabla ya kuianzisha. Hapo programu haizimiki, lakini utafutaji unafanyika kwa ajili ya dirisha ambalo mtu ameshalifunga. Na taima ikiwa ya kujirudia, wijeti haitavunjwa kamwe. Kila ukifungua na kufunga dirisha unabakiza moja zaidi kwenye kumbukumbu.

Dawa ni wijeti kuikumbuka taima yake na kuisimamisha inapoaga. g_timeout_add hurudisha namba. Niliihifadhi katika self->taima_id, na ndani ya dispose, fanksheni inayoitwa wijeti inapovunjwa, nikaandika:

g_clear_handle_id (&self->taima_id, g_source_remove);

Kuna sehemu ya pili ambayo wengi huisahau. tafuta_sasa ikimaliza na kurudisha G_SOURCE_REMOVE, GLib huiondoa taima yenyewe, ila namba ya zamani inabaki kwenye wijeti. Baadaye dispose inajaribu kuondoa taima isiyokuwepo, na unapata onyo kwamba Source ID fulani haikuonekana. Kwa hiyo mstari wa kwanza ndani ya tafuta_sasa sasa ni self->taima_id = 0. Kuirudisha namba kwenye sifuri kunasaidia pia kwa sababu dispose inaweza kuitwa zaidi ya mara moja kwa kitu kimoja.

Nikiwa bado na msimbo mkononi, nilipitia kila mahali wijeti zangu zinapogawa anwani zao. Nilipata ishara mbili (taarifa ambazo kitu hutoa jambo likitokea) zilizounganishwa kwa g_signal_connect kwenye vitu vinavyoishi kuliko dirisha. Nikazibadili ziwe g_signal_connect_object, ambayo hukata uunganisho wijeti inapovunjwa. Nyuzi za nyuma, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba na mzunguko mkuu, hazikuwa na shida hii, kwa kuwa hazigusi wijeti moja kwa moja, na GTK haitaki ziguse.

Kilichochukua muda mrefu kuliko marekebisho ni jaribio. Linaunda wijeti, linaweka maandishi "amo", linaivunja papo hapo kwa g_assert_finalize_object, kisha linaacha mzunguko mkuu uzunguke milisekunde 400. Majaribio yaliyoanzishwa kwa g_test_init hufeli CRITICAL yoyote ikitokea, basi sikuhitaji kuongeza kitu. Kwanza nililiendesha kwenye msimbo wa zamani likafeli, ndipo nikaliendesha kwenye mpya likapita. Toleo jipya lilifika dukani Ijumaa, na nimemwomba yule muuzaji aendelee kubonyeza Esc kwa kasi ile ile.