Majilio hayamkatazi mfiwa kulia

Hapa Malindi, Desemba ikiingia, mfiwa huambiwa: "Futa machozi, Bwana anakuja." Wasemao hivyo wana nia njema, ila wameruka hatua. Majilio ni majira ya kungoja, Jumapili nne kabla ya Krismasi. Sherehe yenyewe bado. Ndiyo maana padri huvaa zambarau na wimbo wa sifa wa Misa, Utukufu, hauimbwi Jumapili hizo. Isaya 40, sura isomwayo sana majira haya, huanza kwa Mungu kuagiza watu wake wafarijiwe. Sasa, hufarijiwa nani kama si mwenye majonzi? Kulia si kupungukiwa imani. Mpelekee chai, keti naye mkekani, mtajeni marehemu kwa jina. Na asipotaka mazoezi ya kwaya mwaka huu, jamani, asivutwe.